Kujiandaa kwa Msiba wa Mtani

Kwa zaidi ya mwaka nilijiandaa kwenda msibani kabla mtu hajafa. Marehemu angekuwa nani sikujua. Nilichojua ni nyumba tu: nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoko Newala, nje kidogo ya mji, nyumba ya mtani wetu. Nilijua pia kwamba siku hiyo ikifika nitakwenda kwa baiskeli kutoka Masasi, nitapanda mlima wote, na nikifika nitamwaibisha yule mzee mbele ya ndugu zake mpaka atafute pa kuficha uso. Mimi ni fundi cherehani, mama mtu mzima, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Nasema haya asije mtu akadhani nilikuwa nimerukwa na akili.

Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Mkifiwa nyie, wao ndio wanaokuja kuuchezea msiba wenu. Mtani anaingia katikati ya waombolezaji anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, anabeba sufuria jikoni, anajilaza kaburini mpaka apewe chochote ndipo atoke. Watu wanacheka huku wanalia. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika amejiaibisha mwenyewe, na akijibu hapohapo ameuvunja utani. Kulipa kunaruhusiwa siku moja tu, siku nyumba ya mtani nayo itakapofiwa. Kwa hiyo mwenye kinyongo na mtani wake hana la kufanya ila kungoja kifo, na mimi niliamua kungoja.

Kinyongo chenyewe kilianza kwenye msiba wa mama yangu. Mama aliishi kijijini, upande wa Chiungutwa, kwenye mikorosho yake, na alikuwa na kikohozi cha miaka mingi. Kilikuwa kinamkuta popote. Anainama, anashika goti, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, halafu anainuka na kusema, "Nipo." Neno hilo moja tu, ili waliomo ndani wasihangaike. Siku aliyozidiwa hakuna aliyenipigia simu, kwa sababu wote walidhani ni kikohozi kilekile cha siku zote. Nilipigiwa amekwisha fariki. Nilipanda bodaboda na nguo ya mteja bado iko chini ya sindano, na nilipofika wanawake walikuwa wanamwosha.

Mtani alifika mchana huohuo na mkewe. Alikuwa mwanaume mrefu, suruali kaipandisha mpaka juu ya kitovu, na meno ya mbele yana mwanya aliokuwa akiutumia kupigia mluzi. Hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya uwanja, akainama, akashika goti, akakohoa. Alikohoa kikohozi cha mama yangu chote, na kile kimlio chembamba cha mwishoni, ambacho nilidhani nakijua peke yangu. Kisha akainuka akasema, "Nipo."

Watu walianguka kwa kicheko. Kaka zangu walicheka. Mama mdogo, aliyekuwa hajanyamaza kulia tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika ubavu. Ndani mama yangu amelazwa kwenye mkeka, nje mtu anatangaza kwamba yupo. Nilisimama pale ukutani na kanga yangu mdomoni, nikashindwa kucheka, na yule mzee akaniona.

Hapo ndipo alipopata chakula. Alivuta kigoda, akakikalia kama mtu aliyepanda baiskeli, miguu ikaanza kuzunguka hewani. Mikono nayo ikawa inasukuma kitambaa kwenye sindano. "Nakuja, mama!" akapaza sauti, na sauti ilikuwa yangu kabisa. "Nakuja! Si unaona naendesha?" Miguu ikazidi kwenda. "Ehe, nimefika wapi sasa?" Akatazama kulia, akatazama kushoto, akajipangusa jasho. "Bado Masasi!"

Akawageukia watu akawafafanulia, kama vile kuna mtu hakuelewa: miguu ya cherehani ndiyo hiyo, inazunguka kutwa kucha na haifiki popote. "Siku nyumba yangu ikifiwa msimngoje huyu," akasema. "Mtazika, mtaanua matanga, mtavuna na korosho, yeye yuko njiani." Mkewe alimvuta shati kutoka nyuma, lakini kwa namna ya mke aliyekwisha zoea, huku naye anacheka.

Na alijua. Hilo ndilo lililoniunguza. Alikuwa ameshaambiwa na kaka zangu kwamba sikupewa habari, maana kabla hajavuta kigoda nilimsikia akiwauliza. Alijua si kosa langu na bado akaliokota, kwa sababu lilikuwa linachekesha.

Utani ungeishia kijijini ningesahau labda. Ulinifuata mpaka mjini. Masasi si mji mkubwa, na nusu ya waliokuwepo msibani ni watu wa sokoni. Wiki haijaisha, muuza mitumba jirani yangu akaniona nimeinama kwenye mashine akauliza, "Mama, umefika wapi?" Na mwenziwe akamjibu kutoka ng'ambo ya barabara, "Bado Masasi!" Ikawa ndiyo salamu yangu. Waendesha bodaboda waliichukua, wanafunzi wanaokuja kupima sare wakaichukua, hata mzee wa kanisa mmoja, mtu mwenye heshima zake, aliniuliza hivyo kwenye mlango wa kanisa halafu akajifanya anakohoa. Nilikuwa nikicheka nao. Usiku, eti nasali, kwenye sala ya Bwana nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nilikuwa naruka, naendelea na sentensi inayofuata.

Baiskeli nilikuwa nayo. Ni baiskeli nyeusi, nzito, ya breki za fimbo, ya kubebea majora ya vitambaa kutoka stendi mpaka kibarazani ninaposhonea. Haikuwahi kutoka nje ya mji, na mimi sikuwahi kuendesha zaidi ya muda wa kuivisha chai. Niliipeleka kwa fundi baiskeli wa pale karibu na soko, mzee mmoja asiyependa kuharakishwa, nikamwambia nataka iweze kupanda Newala.

"Newala? Na dude hili?" akasema. "Unakwenda kufanya nini?"

"Kuzika."

"Pole sana, mama. Kafa nani?"

"Bado."

Aliweka spana chini akanitazama. Nikamweleza. Nilimweleza yote, maana nilikuwa sijamweleza mtu, na nilipofika kwenye kigoda na miguu inayozunguka niliona mdomo wake unatetemeka. Nikamwambia akithubutu kucheka naipeleka kwa fundi mwingine. Hakucheka. Aliipindua baiskeli, akazungusha gurudumu, akasema kwa hali ile ingeniua mimi kabla ya huyo ninayemngojea.

Aliifungua yote. Akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akabadilisha mnyororo, akanitafutia gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi ili kwenye mlima miguu isilemewe. Kuhusu breki alinisumbua sana. Alisema breki za fimbo zinafaa kwa mtu anayekwenda kanisani, si kwa mtu atakayeshuka ule mlima, na kwamba anawajua watu walioumia wakishuka, hamjui aliyeumia akipanda. Nilimwambia kushuka si shida yangu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimefikiria kurudi. Katika mawazo yangu safari yote ilikuwa inaishia kwenye uwanja wa yule mzee, watu wamejaa, na yeye hana la kusema.

Mazoezi niliyaanzia kwenye kazi. Nilikuwa na kanzu za kwaya za kupeleka Lulindi, na badala ya kuzipakia kwenye gari nilizifunga kwenye keria nikaondoka nazo mwenyewe. Nilidhani nina miguu. Nimekanyaga cherehani tangu nikiwa msichana, nikajisemea paja langu ni la chuma. Kumbe cherehani inatumia kifundo cha mguu, na baiskeli inatumia kila kitu kingine. Kabla ya nusu ya njia magoti yalikuwa yananililia. Njia ya huko ina mchanga. Gurudumu likizama kwenye mchanga mwekundu unateremka unasukuma, na mimi nilikuwa nimejiapiza kutosukuma. Nilisukuma. Kijana wa bodaboda alinipita na abiria wawili, wote watatu wakageuka kuniuliza nimefika wapi.

Niliwajibu kwa moyo mkunjufu kabisa. Halafu kila hatua ya ule mchanga nilikuwa nalitaja jina la yule mzee kimoyomoyo, na ajabu ni kwamba lilinisaidia kuliko maji.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa barabarani. Nilikwenda Chiungutwa na kurudi. Nilikwenda Chiwata kwa mteja ambaye angeweza kabisa kuja mwenyewe. Nilijifunza kunywa maji kabla ya kiu na kula kabla ya njaa. Muhogo mkavu na karanga vinakaa vizuri tumboni, ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, inakaa vizuri zaidi. Mabibo nilikoma. Msimu wa korosho ulipofika niliyakuta yameanguka njia nzima, nikala mengi kwa sababu ya joto, na utomvu wake ukanikaba koo katikati ya kilima, nikakaa chini ya mkorosho wa watu natema mate kama mbuzi mgonjwa. Mwenye shamba akaja mbio akidhani nimekuja kuiba. Tulipoelewana alinipa maji, na nilipomwambia najiandaa kwa msiba alinipa pole, nikaipokea.

Nilijishonea suruali kwa vipande vilivyobaki vya sare za shule, makalio nikayawekea kitambaa mara mbili. Kiti cha baiskeli nilikishonea mto wa sufi. Juu ya suruali nilibuni sketi ya kitenge yenye mpasuo uliofichwa kwenye marinda: njiani inafunguka, ukifika unafunga vifungo viwili unakuwa mama wa heshima aliyekuja kuzika. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na mpaka leo sijamwambia mteja hata mmoja niliishonea nini.

Upande wa pili wa maandalizi nilikuwa naufanya kwenye kioo cha wateja, mlango ukiwa umefungwa. Nilijifunza kumwigiza yule mzee. Nilipandisha sketi mpaka kwenye mbavu, nikatembea kwa magoti yaliyolegea kama yake, nikapiga mluzi kwa meno. Nilikuwa na maneno tayari kwa kila atakayekufa. Akifa mama yake, ambaye alikuwa kikongwe, ninayo. Akifa kaka yake, mlevi wa uraka, ile pombe ya mabibo, ninayo. Nilikuwa nawauliza abiria wanaoshuka kutoka Newala habari za nyumba ile, hali ya bibi, presha ya kaka mtu, na wakawa wananisifu kwamba mtani kama mimi hajapata kutokea, mwenye upendo namna ile. Jibu likiwa "Hawajambo wote," nilikuwa nashukuru kwa mdomo na kurudi kwenye mashine nimenuna.

Kisha kaka yangu mkubwa akapiga simu. "Dada, watani wetu wa Newala wamefiwa. Kesho ndiyo mazishi. Sisi tunakodi gari, tukupitie?"

"Nani?"

"Mkewe mtani."

Nitasema kama ilivyokuwa. La kwanza lililonijia lilikuwa furaha. Ilipanda kutoka miguuni. La pili likaja pole pole nilipokwisha weka simu chini, kwa sababu huyo ndiye mtu pekee wa nyumba ile ambaye sikumwandalia kitu. Alikuwa mteja wangu. Kila mwaka kabla ya Pasaka alishuka Masasi kupimwa gauni la sare za kina mama wa kanisa, akakaa kwangu mchana mzima akinywa chai na kusema. Nilikuwa nampenda, kama unavyompenda mtu anayekuja mara moja kwa mwaka. Nilikaa pale nimeishika futi yangu ya kupimia. Halafu nikajiambia basi, huyo ndiye niliyepewa, na mambo yake nayajua kuliko ya mama mkwe wake.

Nikampigia kaka, nikamwambia waende, mimi nitakwenda kwa baiskeli. Akasema nimechanganyikiwa, na kwamba hawezi kusimama kwenye msiba wa watu akieleza dada yake kafia mlimani. Nikamwambia aeleze vizuri, asisahau kukohoa.

Niliondoka kukiwa kunapambazuka. Tambarare ya Masasi niliimaliza bila shida, miamba yake nyuma yangu, miguu inazunguka kama inavyotakiwa. Jua lilipokolea nilikuwa nimekwisha pita njia inayokwenda kwa mama. Sikutazama upande ule. Gari la kaka zangu lilinipita, likapunguza mwendo, kaka mdogo akatoa kichwa dirishani kuniomba nipande. Niliwapungia mkono kama bibi harusi.

Mlima ni mlima. Nimeusikia ukisimuliwa na watu waliopita ndani ya basi, wanasema kuna kona kona kidogo. Mtu wa baiskeli anajua kila kona kwa paja lake. Niliendesha kwa kukata pembeni, kutoka ukingo huu wa barabara mpaka ule, ili kupunguza ukali. Malori yalinipigia honi. Kuna mahali pumzi ilikwisha kabisa nikaona vimulimuli machoni, nikashuka, na nikalia pale kwa hasira ya kushuka. Nikamkumbuka alivyojipangusa jasho kwenye kigoda. Nikapanda tena. Nataka ieleweke kwamba si nguvu zilizonifikisha juu, ni chuki, na sijapata kula chakula kilichonishibisha namna ile.

Juu hali ya hewa ilibadilika, upepo ukawa baridi, mikorosho ikarudi. Kwenye uwanja wa nyumba ile watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wanawake upande wa jikoni, wanaume kwenye mabenchi. Jeneza lilikuwa bado ndani. Kaka zangu walisimama waliponiona. Sikushuka. Niliendesha mpaka katikati, mavumbi mpaka kwenye nyusi, nikatia mguu mmoja chini nikapaza sauti: "Jamani, naomba kuuliza! Nimefika wapi?"

Hadithi ya kigoda ilikuwa imefika mpaka huko, na mama mmoja wa Kimakonde, mnene, ndiye aliyeelewa kwanza. "Newala!" akapiga yowe. "Umefika Newala, mwanangu wee!" Uwanja mzima ukalipuka. Watu walikuwa wanampiga yule mzee mgongoni, wanamnyooshea vidole. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha wafiwa, suruali imemlegea kiunoni, ananitazama. Nilionja utamu wa ajabu. Ningegeuza baiskeli pale na kuondoka ningekuwa nimelipwa, lakini nilikuwa nimejiandaa zaidi ya mwaka, na nilitaka chote.

Nilifunga vifungo vya sketi, nikawa mkewe. Nilisimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya futi yangu, mikono imepanuliwa, na nikavuta tumbo ndani kwa pumzi ndefu, mashavu yakajaa. Alikuwa akifanya hivyo kila mwaka ili nimwandikie kiuno chembamba, na kila mwaka gauni lilikuwa linambana. "Pima sasa, pima upesi!" nikasema kwa sauti yake, bila kutoa pumzi. "Usiniongezee!" Wanawake wa jikoni walijitupa chini. Walimjua. Mmoja alikuwa analia waziwazi na kupiga makofi.

Hapo nikaingiza kisu. Alikuwa ameniambia mengi wakati wa kupimwa, na nilikuwa nimeyakumbuka yote usiku ule. "Nishonee na mfuko wa ndani, mwanangu," nikasema, "yule mzee anakula sukari kama siafu." Wakacheka. "Watu wananiambia una bahati, mumeo ana maneno! Maneno gani? Anayamaliza yote kwenye misiba ya watu. Nyumbani haniulizi hata kama nimekula. Mimi nazungumza na kuku."

Kicheko kilikuja, lakini hakikukaa. Watu waligeuka kumtazama. Yule mzee aliyechekesha wilaya mbili alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Nilingoja ajibu. Angejibu angekuwa ameuvunja utani yeye.

Aliinuka. Alikuja mpaka mbele yangu, akasimama karibu mno, akasema kwa sauti ambayo nadhani kaka zangu hawakuisikia, "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ile ya pumzi. Anavyovuta." Akanionyesha kwa mkono kwenye tumbo lake mwenyewe, akajaribu kuvuta, akashindwa. "Mara moja tu, mtani. Nilikuwa simwangalii."

Nilidhani ni mtego. Nikamtazama kuutafuta, mwanya, mluzi, kitu chochote, na hakukuwa na kitu. Macho yake yalikuwa kwenye kiuno changu, yanangoja, kama mtu anayechungulia njia. Nikaelewa anachotaka. Na nikaelewa papo hapo kwamba nilichokuwa nimekitafuta kwa mwaka mzima kilikuwa mkononi mwangu sasa: kumnyima, si kile nilichokwisha fanya.

"Mimi nimemaliza," nikamwambia. Nikaenda kukaa na wanawake.

Tulizika. Nililala msibani na kina mama wengine, na asubuhi nilipokuwa nafunga mto wangu kwenye kiti alinifuata. Alikuwa na bakuli la uji, akaniwekea juu ya tofali. Aliuliza habari za magoti. Kisha akasema akiwa anatazama baiskeli, "Rudia, nami nitamrudia mama yako. Ninaye mzima mzima. Nina anavyoita kuku, nina anavyokataa kuongezwa chakula. Siku ile nilikupa kidogo tu."

Sijui kama alikuwa ananitania. Nadhani hakuwa. Ningeweza kuvuta pumzi moja tu na kujaza mashavu, ni jambo la kufumba na kufumbua, na mama yangu angesimama pale kwenye uwanja wa Newala. Lakini niliisikia tena ile "Bado Masasi" kwa sauti yangu mwenyewe, watu wakicheka, maiti iko ndani. "Kunywa uji wako, mzee," nikasema. Nikapanda baiskeli.

Fundi alikuwa sahihi kuhusu breki. Kwenye kona za mwanzo zilianza kunuka, baadaye zikawa mapambo, nikawa nashuka kwa kuburuza kandambili kwenye tairi mpaka soli ikatoboka. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimeshinda, hilo hakuna atakayeninyang'anya, na sokoni siku hizi hakuna anayeniuliza nimefika wapi. Kaka zangu wamemsahau mama alivyokohoa. Nimewaomba waniigizie na wanakohoa tu kama watu wenye mafua; mimi mwenyewe nimejaribu mbele ya kioo, ukija ule mlio wa mwishoni nakwama. Aliyebaki nao ni mmoja, na amezeeka, na anaishi peke yake na kuku.

Kusamehe sijasamehe, na mlima ule siupandi tena kumwomba kitu. Ila kila Jumapili tukitoka kanisani napiga namba yake. Inaita muda mrefu, siku nyingine mpaka nadhani hayupo tena. Akipokea, nakata.